Vijana Wetu, Kibali cha Ukaazi na Fedha ya Kuazima

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yanapokwisha kutangazwa, huanza katika mitaa yetu ya Kariakoo biashara isiyo na duka wala leseni. Bidhaa yake ni salio la benki. Kijana amepata nafasi katika chuo kikuu cha nje, ubalozi unataka uthibitisho kwamba anazo fedha za kuishi huko, wazazi hawanazo. Hutokea mtu mwenye mtaji, mara nyingi mfanyabiashara wa jumla ambaye fedha zake hazina haraka mpaka mzigo ujao uagizwe, naye akaziweka katika akaunti ya mzazi kwa majuma kadhaa. Benki huchapa taarifa ya akaunti, taarifa hupelekwa ubalozini, na fedha hurudi kwa mwenyewe zikiwa zimezaa. Mzazi hubaki na karatasi. Kijana huambiwa kwamba mambo yamekamilika.

Viongozi wa walei wametuomba tuseme neno juu ya jambo hili, kwa kuwa anayeazimisha na anayeazima huketi pamoja katika viti vya kanisa moja, na pengine ni wanajumuiya wa nyumba za jirani. Wengine wametuuliza kama ni dhambi. Swali hilo lina mahali pake, na mahali pake ni kwa padre katika kitubio. Sisi tuliokabidhiwa kazi ya haki na amani tunauliza swali jingine: mzigo wa karatasi ile unamwangukia nani? Tumewasikiliza wazazi wengi na vijana waliorudi kabla ya wakati wao, na jibu tulilolipata ni lile lile. Unamwangukia kijana, peke yake, ugenini, wakati wote walioshiriki kuitengeneza karatasi wamekaa salama Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Kongo.

Ili jambo lieleweke, hatuna budi kueleza tofauti ambayo familia nyingi huijua baada ya kuumia. Viza ni ruhusa ya kufika mlangoni na kuingia. Kibali cha ukaazi ni ruhusa ya kukaa ndani. Kwetu sisi sherehe hufanywa siku ya viza: misa ya shukrani, pilau, na picha uwanja wa ndege. Hatuna ugomvi na pilau. Lakini kwa nchi nyingi siku ile ni mwanzo tu wa safari ya karatasi, na sehemu iliyobaki kijana ataifanya katika lugha asiyoijua, bila mjomba wala shangazi wa kumsindikiza.

Tuchukue China, ambayo wafanyabiashara wa mtaa wetu wanaijua kwa sababu ya safari zao za Guangzhou. Mwanafunzi wa muda mrefu huenda ubalozini na barua ya chuo pamoja na fomu iitwayo JW201 au JW202, akapewa viza ya alama X1. Akifika, anatakiwa kujiandikisha polisi katika muda wa saa 24 ikiwa hakai hotelini, na katika muda wa siku 30 aombe kibali cha ukaazi katika ofisi ya polisi inayoshughulikia wageni. Sheria yao ya kuingia na kutoka nchini, iliyopitishwa mwaka 2012 na kuanza kutumika Julai 2013, inasema anayekaa bila kibali aweza kutozwa yuan 500 kwa kila siku mpaka zifike 10,000, au akawekwa kizuizini kati ya siku 5 na 15. Hapo mfanyabiashara aliyezoea viza ya siku chache si mshauri mzuri, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kuhitaji kibali hicho. Tumesikia habari za kijana aliyeambiwa na mjomba wake mwenye duka asiwe na wasiwasi, viza yake ni ya mwaka mzima. Haikuwa ya mwaka mzima. India nayo, ambako vijana wetu wengi wamesoma, humtaka mwanafunzi mwenye viza ya zaidi ya siku 180 ajiandikishe katika ofisi ya usajili wa wageni ndani ya siku 14 tangu kufika. Wiki mbili za kwanza ugenini huisha kabla mtu hajajua duka la mkate liko wapi.

Ujerumani huanza na fedha. Mwaka 2025 mwombaji asiye na ufadhili alitakiwa kuweka yuro 11,904 katika akaunti iliyofungwa, yaani akaunti ambayo mwanafunzi hawezi kutoa zaidi ya yuro 992 kwa mwezi. Kwa fedha yetu ni zaidi ya shilingi milioni 30. Viza anayopewa Dar es Salaam ni ya miezi michache. Akifika huandikisha anwani yake katika ofisi ya mji ndani ya majuma mawili tangu kuhamia, kisha huomba kibali katika ofisi ya wageni, na kibali hicho hufanywa upya kwa kuonyesha tena kwamba anasoma na kwamba ana cha kuishi. Wapo wanaolalamika kuwa masharti hayo ni ya kikatili. Ni makali, na tutayarudia. Ila akaunti iliyofungwa ina wema mmoja ambao watu hawautaji. Inakuwa vigumu kuazima fedha ya kuonyesha, kwa kuwa mwenye fedha hawezi kuichukua tena baada ya mwezi.

Uingereza ndiko mlango wa kuazima ulipo wazi zaidi. Kanuni zao zinataka fedha ikae katika akaunti ya mwanafunzi au ya mzazi wake kwa siku 28 mfululizo bila kupungua. Basi dalali huhesabu siku 28, na siku ya 29 fedha inaondoka. Kanuni haikuvunjwa kwa hesabu ya vidole. Lakini maana yake imevunjwa, na kijana ametia sahihi fomu akitamka kwamba fedha zile ni za kumtunza masomoni. Iwapo ofisi yao itaridhika kwamba mwombaji ametumia udanganyifu, maombi hukataliwa na anayefuata kuomba katika miaka 10 hukataliwa vile vile. Miaka 10 kwa mtu wa miaka 19 ni ujana wote. Aliyeazimisha fedha hafungiwi mlango wowote.

Na asipokamatwa je? Hilo ndilo tunaloombwa kulitazama na wale wanaosema kwamba ubalozi haukujua, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Kijana amefika Septemba na fedha alizochangiwa na jumuiya. Oktoba amelipa kodi ya chumba. Januari baridi ni kali, mfuko mtupu, na fedha ya kumtunza iko Kariakoo ikinunua makontena. Anatafuta kazi. Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ujerumani siku 140 nzima kwa mwaka. China haimruhusu kabisa isipokuwa kwa idhini ya chuo na ya ofisi ya uhamiaji. Saa 20 hazitoshi kulipa karo na chumba, kwa hiyo anafanya 40, nyingine kwa malipo ya mkononi kwa mwajiri anayejua vizuri kwamba kijana huyu hawezi kwenda polisi. Anakosa vipindi. Chuo kinawajibika kutoa taarifa kwa serikali kwamba mwanafunzi hahudhurii. Ruhusa yake inafupishwa. Tangu siku hiyo hana haki ya kukaa wala ya kufanya kazi, wala hana uso wa kurudi, kwa maana nyumbani wanadaiwa. Tunazo katika kumbukumbu zetu hadithi za namna hii ambazo hatutazitaja zaidi ya hapa, kwa kuwa wenyewe wako hai na mama zao wanasoma kijarida hiki.

Dalali hatajwi mara nyingi katika hadithi hizo, naye yafaa atajwe. Si mawakala wote ni wabaya. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania husajili mawakala wa kupeleka wanafunzi nje, na orodha yao yaweza kutazamwa na mtu yeyote. Hatua ya kwanza ya mzazi ni kutazama kama jina la anayemwomba fedha limo. Tume hiyo hiyo hutoa kwa anayekwenda kusoma nje cheti cha kutokuwa na pingamizi, baada ya kuangalia kwamba chuo na programu vinatambulika na kwamba kijana ana sifa. Hatua hiyo ni ya kumlinda mwombaji, hasa wa udaktari, uuguzi na ufamasia, ambao watarudi kuomba usajili wa taaluma hapa nchini. Dalali anayesema cheti hicho ni usumbufu mtupu amejieleza.

Hatari kubwa zaidi imekuja kimya kimya, nayo inahusu barua pepe. Zamani kibali cha Uingereza kilikuwa kadi ambayo mtu aliishika mkononi. Kadi hizo zilifikia mwisho Desemba 31, 2024, na sasa ruhusa ya mwanafunzi ni kumbukumbu ya kielektroniki anayoifungua kwa akaunti yenye barua pepe na namba ya simu. Mwenye nyumba, mwajiri na shirika la ndege huthibitisha haki ya mtu kwa kumbukumbu hiyo. Sasa fikirini: fomu ilijazwa katika steshenari ya mtaani na dalali, kwa barua pepe aliyoifungua dalali, na namba ya simu ya dalali. Kijana yuko Manchester, na ufunguo wa ukaazi wake uko mfukoni mwa mtu wa Mtaa wa Aggrey, ambaye ameanza kudai shilingi laki mbili za ziada. Wala kijana hajui ni maneno gani yaliyoandikwa kwa jina lake katika fomu ile. Ofisi za nje hazimwulizi dalali. Zinamwuliza aliyetia sahihi.

Kwa sababu hiyo tunasema wazi neno ambalo ndilo kiini cha tahariri hii. Maombi ya viza na ya kibali yajazwe na kijana mwenyewe, kwa barua pepe yake mwenyewe, naye asome kila ukurasa kabla ya kutia sahihi; na fedha inayoonyeshwa iwe fedha itakayotumika. Mtu aliyefaulu Kidato cha Sita kiasi cha kudahiliwa chuo kikuu cha ng'ambo aweza kujaza fomu. Asipoweza, basi yafaa tujiulize atakavyoweza kuandika insha ya sheria au ya uhandisi katika lugha hiyo hiyo. Kusaidiwa ni jambo jema; kutendewa ni jambo jingine.

Tunajua jibu la wazazi. Watatuambia kwamba fomu zinatisha, na kwamba karatasi zetu wenyewe hazikubaliani. Hili ni kweli kabisa, na lisisukumwe kando. Mtoto alibatizwa Maria. Shuleni mwalimu aliandika Mariam. Cheti cha kuzaliwa kilitafutwa akiwa na miaka 14 na kikabeba jina la babu ambalo halimo katika cheti cha Kidato cha Nne. Kitambulisho cha NIDA kikafuata cha kuzaliwa, na pasipoti ikafuata NIDA. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018 kwa shilingi 150,000, huiga kosa lililoko katika karatasi iliyotangulia. Afisa wa ubalozi, ambaye nchi yake humpa kila mtu jina la ukoo moja tangu kuzaliwa mpaka kaburini, haelewi kwa nini baba, mwana na dada wana majina matatu tofauti ya mwisho. Yeye huona watu wawili. Basi kazi ya kusawazisha majina kwa Msajili wa Vizazi, yaani RITA, na kwa Baraza la Mitihani, ianze Kidato cha Tatu, na si juma la mwisho la Agosti. Makatekista na makatibu wa parokia wanaotoa vyeti vya ubatizo waandike majina kama yalivyo katika daftari. Hapa tuseme pia kwamba tarehe ya ubatizo haibadilishwi kwa ajili ya viza ya mtu yeyote, hata akiwa mtoto wa mwenyekiti wa Halmashauri ya Walei.

Vile vile barua ya Paroko. Barua hiyo yaweza kusema kwamba kijana anajulikana, ni mwanakwaya, mwenendo wake ni mwema. Haiwezi kusema kwamba wazazi wake wana uwezo wa kifedha, kwa kuwa Paroko hana namna ya kujua jambo hilo, na wale wanaomwomba aandike hivyo wanamweka mahali pabaya.

Kuna wakati mambo haya hayakuwa mzigo wa familia moja moja. Mwalimu Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alikwenda kwa ufadhili, akarudi mwaka 1952 na shahada yake, akafundisha Pugu. Miaka ya baada ya uhuru wengi walisafiri kwa makubaliano ya serikali na serikali, na karatasi zao zilishughulikiwa na wizara. Tena, chuo kikuu chetu wenyewe kilianzia hatua chache kutoka soko letu. Oktoba 1961 milango ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam ilifunguliwa katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria na kikifanya mitihani ya Chuo Kikuu cha London. Wale walipata elimu ya Uingereza bila kuvuka bahari. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964. Tunayakumbusha haya kwa sababu katika nyumba nyingi za Ilala na Gerezani siku hizi kijana aliyepata nafasi Mlimani, Muhimbili au Mwanza anaonekana kama aliyeshindwa, na mdogo wake mwenye barua ya chuo kisichojulikana cha ng'ambo anauziwa kiwanja cha urithi ili aende. Mikopo ya Bodi kwa wingi wake huwaendea wanaosoma nchini. Na katika Afrika Mashariki kuna Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ambayo inawatambua wanafunzi wanaovuka mipaka ya nchi wanachama. Mzazi asiyeweza yuro 11,904 angeweza kutazama Makerere au Nairobi kabla ya kwenda kwa mwenye makontena.

Lakini tusiseme na maskini peke yao. Haki ina upande wa pili, nao una ofisi nzuri. Umoja House, zilipo balozi kadhaa za Ulaya, iko mwendo wa miguu kutoka hapa: unapita Mnazi Mmoja, unavuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, unashuka kuelekea Garden Avenue. Kwa wengi wa vijana wetu umbali ule ni mrefu kuliko wa ndege. Nchi ina haki ya kujua anayeingia na atakavyoishi; hilo Kanisa halikatai. Ila anayekataliwa naye ana haki ya kujua kwa nini, na ya kusikilizwa mara ya pili bila kufilisika. Kwa miaka mingi mwombaji aliyekataliwa viza na ubalozi wa Ujerumani aliweza kuandika barua ya kuomba uamuzi utazamwe upya, bila malipo. Julai 1, 2025 njia hiyo ilifutwa duniani kote. Iliyobaki ni kuomba upya na kulipa upya, au kufungua shauri katika Mahakama ya Utawala ya Berlin. Sababu iliyotolewa ni kwamba maofisa wataweza kushughulikia maombi mapya kwa haraka zaidi. Inawezekana. Lakini mtoto wa mama lishe wa Mchikichini atafikaje mahakamani Berlin? Haki inayopatikana kwa wakili wa yuro pekee imekwisha kuwa ya wachache, na tunawaomba ndugu zetu wa Kanisa la Ujerumani, ambao wamekuwa wema kwetu kwa visima na zahanati, wailete hoja hii mbele ya wabunge wao.

Tena sheria za wakubwa hubadilika usiku mmoja. Desemba 16, 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi tangazo lililoiweka Tanzania miongoni mwa nchi ambazo raia wake walisimamishiwa utoaji wa viza za masomo kuanzia Januari 1, 2026. Familia zilizokuwa zimekwisha kulipa ada za maombi hazikuwa zimekosa lolote. Yeyote anayemwambia mzazi katika hali ya namna hiyo kwamba ana mtu wake ndani atakayempitisha mwana, anauza upepo.

Na neno moja ndani ya kibali laweza kuwa tofauti ya maisha. Vita ilipozidi nchini Ukraine Februari 2022, vijana wa Kitanzania waliokuwa wakisoma huko, wengi wao udaktari, walikimbilia mipakani pamoja na wenyeji. Machi 4, 2022 Umoja wa Ulaya ulitangaza ulinzi wa muda kwa waliokimbia. Raia wa Ukraine walipokelewa. Wageni wenye ukaazi wa kudumu wasioweza kurudi kwao salama nao waliingizwa. Wenye vibali vya muda, na ndivyo vilivyo vibali vya wanafunzi, waliachwa kwa hiari ya kila nchi, na nchi nyingi ziliwaona kama watu wa kusafirishwa kwao. Walikimbia bomu moja, barabara moja, baridi moja. Hatusemi hili ili kuwatisha vijana wasisafiri. Tunasema wajue karatasi waliyonayo inawaahidi nini na haiwaahidi nini, na wajiandikishe kwa ubalozi wetu wa karibu mara wafikapo, maana serikali haiwezi kumtafuta mtu ambaye haijui kwamba yupo.

Sasa kwa jumuiya zetu. Mchango wa safari umekuwa desturi nzuri, na hatutaki ufe. Tunapendekeza ubadilike kidogo. Kabla bahasha hazijagawiwa, viongozi wa jumuiya waione barua ya udahili iliyotoka chuoni kwa barua pepe ya kijana mwenyewe, na waone hesabu ya mwaka wa kwanza: karo, chumba, chakula, bima, ada ya kibali, na nauli mwishoni kabisa. Kwa desturi yetu nauli hutajwa kwanza, kwa kuwa ndege inaonekana na bima haionekani. Hesabu isipofikia, jumuiya iseme hivyo kwa upendo mapema, kijana aombe chuo kimsogezee nafasi mwaka mmoja, jambo ambalo vyuo vingi hukubali vikiombwa kwa wakati.

Kwa wenye mitaji tuna ombi la pekee. Ninyi mnaoweka milioni 30 katika akaunti ya jirani kwa mwezi mmoja mna uwezo ambao parokia haina. Watatu au wanne kati yenu wakikubaliana kumkopesha kijana mmoja kwa kweli, kwa mkataba ulioandikwa mbele ya wakili, fedha ikabaki mahali ilipoonyeshwa na kurejeshwa baada ya masomo, mtakuwa mmefanya kwa vijana wawili kile ambacho sasa mnakifanya kwa uongo kwa ishirini. Tunajua faida yake ni ndogo na inachelewa. Tunajua pia kwamba wapo miongoni mwenu waliosomeshwa kwa mchango wa jumuiya hizi hizi.

Limebaki jambo la mlangoni petu. Wanapita katika mitaa hii vijana kutoka Kongo, Burundi na Komoro wanaosoma katika vyuo vya Dar es Salaam. Nao wanahitaji kibali cha ukaazi, cha daraja C, chini ya Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, na wanapita katika mikono ya madalali wa Kiswahili kama wetu wanavyopita katika ya ng'ambo. Wapo wenye nyumba wanaoshika pasipoti ya mpangaji kama rehani ya kodi. Pasipoti si mali ya mpangaji wala ya mwenye nyumba. Ni mali ya serikali iliyoitoa, na mwanafunzi asiye nayo hawezi kufanya upya kibali chake. Wapo wanaokataa kuandika mkataba wa chumba kwa kukwepa kodi ya pango, na kumnyima mgeni uthibitisho wa anwani. Waamini wenye vyumba vya kupangisha warudishe pasipoti walizozishika, wiki hii, na waandike mikataba.

Kwa upande wetu, tunakusanya barua za kukataliwa viza za masomo zilizotolewa tangu Julai 2025, ili hoja tutakayoipeleka ubalozini na kwa Maaskofu iwe na ushahidi. Makatibu wa jumuiya wapokee nakala, barua zenyewe zibaki kwa wenyewe. Asiyependa kujulikana afute jina na namba ya pasipoti. Zifike ofisini kwetu kabla ya Dominika ya kwanza ya Majilio.